Jinsi ya Kurudia Kutazama Super Sentai, Sehemu Mbili kwa Wiki

Aliyewahi kutazama Super Sentai mpaka mwisho anaijua wiki inayofuata. Kipindi kimekwisha, mashujaa wameshavua kofia zao, na wewe bado unaosha vyombo huku ukiimba wimbo wa mwanzo. Wengi wetu hapo hukimbilia kipindi kingine. Mwongozo huu nimeuandika kwa anayetaka kukirudia kile kile alichokimaliza, kama mtu anavyorudia taarabu aliyoizoea: maneno anayajua yote, sasa anasikiliza udi na fidla.

Kwa aliyeingia karibuni: Super Sentai ni mfululizo wa vipindi vya televisheni vya Japani vilivyotengenezwa na kampuni ya Toei. Kila baada ya mwaka mmoja hivi lilikuwa linakuja kundi jipya la mashujaa, kwa kawaida watano, kila mmoja na rangi yake, nao wanapambana na jeshi la mazimwi. Cha kwanza, Himitsu Sentai Gorenger, kilianza tarehe 5 Aprili 1975 kutokana na ubunifu wa mchora katuni Shotaro Ishinomori. Gozyuger cha mwaka 2025 kilitengenezwa kuadhimisha miaka 50. Sisi wa Afrika Mashariki wengi tuliingia kwa mlango wa Power Rangers. Mwezi Agosti 1993 kampuni ya Saban ilianza kuwaonyesha Wamarekani mapigano yaliyopigwa Japani kwa ajili ya Zyuranger, kipindi cha mwaka 1992, ila pale mashujaa wanapokuwa bila suti wakawekwa vijana wa Kimarekani. Ndiyo sababu wa njano akivua kofia ni msichana, lakini akiivaa hana sketi kama mwenzake wa pinki. Kule Japani wa njano alikuwa kijana wa kiume, Boi.

Humu nitataja miisho. Kama hujamaliza Zyuranger, Jetman au Shinkenger, kavimalize kwanza, mwongozo utakungoja.

Hatua ya kwanza: chagua kipindi kwa sababu moja

Ukiulizwa kwa nini unakirudia kipindi fulani, uwe na jibu la sentensi moja. "Nataka kujua Burai wa Zyuranger alianza kufa lini." "Nataka kumwona tena Gai wa Jetman akiwa hai." Bila sababu utachoka kabla ya sehemu ya kumi, kwa kuwa kila sehemu inakwenda kwa utaratibu ule ule unaoujua: zimwi linaleta balaa, mashujaa wanabadilika, zimwi linapigwa, linakua kama jengo la ghorofa, roboti inakuja. Sababu yako ndiyo itakayokuvusha kwenye sehemu zinazofanana.

Mimi nawapendekezea watu vipindi vichache kulingana na wanachotafuta. Aliyekua na Power Rangers aanze na Zyuranger, sehemu 50, maana nusu ya raha ni kuyakuta mapigano anayoyakumbuka yakiwa na kisa kingine kabisa. Anayependa mapenzi na ugomvi wa watu wazima achukue Jetman ya mwaka 1991, sehemu 51, iliyoandikwa kwa sehemu kubwa na Toshiki Inoue. Humo shujaa mwekundu, Ryu, anampoteza mchumba wake tangu sehemu ya kwanza, na yule mwanamke anarudi upande wa maadui akiwa hamkumbuki. Gorenger ina sehemu 84, na hiyo namwachia mwenye subira ya mvuvi. Gokaiger ya mwaka 2011 iache mwisho. Hao ni maharamia wanaoweza kujigeuza kuwa mashujaa wa vikundi 34 vilivyowatangulia, na utamu wake unategemea umewazoea wangapi kati ya hao wa zamani. Mtu aliyeirudia Gokaiger kabla hajarudia Jetman ataiona sehemu ya 28, ambamo Gai anarudi, kama sehemu nzuri tu. Aliyetoka kumzika Gai wiki iliyopita atalazimika kusimamisha video.

Kuna kimoja zaidi ambacho msomaji wa huku kwetu atakitazama kwa jicho lake mwenyewe: Battle Fever J cha mwaka 1979, sehemu 52, kilichotengenezwa wakati Toei ikishirikiana na Marvel ya Marekani. Ndicho kilicholeta roboti kubwa kwa mara ya kwanza katika Super Sentai. Mashujaa wake wamepewa majina ya nchi na mataifa, na mmoja, mwenye suti ya kijani, ni Battle Kenya. Anaigizwa na Kenji Ohba, mwanasarakasi hodari ambaye baadaye alikuja kuwa shujaa Denzi Blue na kisha Gavan, shujaa wa kipindi kingine cha Toei. Kenya ya kipindi kile ni pori na wanyama, ndivyo Afrika ilivyowazwa na waandishi wengi wa mbali miaka ile, na Mkenya ana haki ya kulisema hilo kwa sauti. Hata hivyo kitazame. Ohba anaruka, anajiviringisha na kutua kama paka, na katika ule mwili kuna furaha ambayo hata miaka zaidi ya 40 haijaichakaza.

Hatua ya pili: hesabu sehemu zote kabla ya kuanza

Hili nimejifunza kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilinunua mtaani diski ya Zyuranger, nzima kwa kuitazama, jalada limechapwa vizuri. Nikaifuata usiku baada ya usiku. Burai, shujaa wa kijani na kaka wa Geki, yule mwekundu, anaishi kwa deni: amepewa saa 30 tu za uhai, na kila akitoka nje ya chumba kisichopitiwa na wakati, saa zake zinaendelea kupungua. Mimi nimeshikilia roho mkononi. Nikamaliza sehemu ya 41, ikaingia ya 43, na Burai hayumo. Wenzake wanapigana bila yeye. Nikadhani nimelala katikati. Nikarudisha nyuma, nikatazama orodha: sehemu ya 42 haikuwemo kwenye diski. Ndiyo sehemu anayokufa. Nilikuwa mtoto wa vibanda vya video, nimelelewa na msemo kwamba stelingi hafi, na siku stelingi alipokufa mimi sikuwepo. Niliipata sehemu hiyo miaka kadhaa baadaye, lakini machozi ya kucheleweshwa si sawa na machozi ya wakati wake.

Kwa hiyo fungua orodha, hesabu mpaka namba ya mwisho, bonyeza kila sehemu kwa sekunde chache uone kama inacheza na kama maandishi ya chini yanakwenda sambamba na midomo. Toei wana chaneli yao rasmi YouTube, Toei Tokusatsu World, iliyofunguliwa mwaka 2020, na humo wameweka sehemu mbili za kwanza za vipindi vingi, zikiwa na tafsiri ya Kiingereza. Hiyo inatosha kukujulisha kama hamu ya kurudia kipindi fulani ni ya kweli. Wenye ndugu Marekani wanaweza kuagiza diski halali: Shout! Factory walianza na Zyuranger mwaka 2015, wakaendelea na vipindi vingine.

Kuhusu bando, shusha ubora wa picha bila wasiwasi kwa vipindi vya miaka ya 1970 na 1980. Vilipigwa kwa filamu na vikatazamwa kwenye televisheni ndogo, na picha ikiwa laini kidogo haiharibu kitu. Vya miaka ya karibuni vina rangi kali na mwendo wa haraka, hivyo subiri mtandao wa ofisini au wa nyumbani kwa jirani.

Hatua ya tatu: sehemu mbili kwa wiki, basi

Hapa ndipo ninapogombana na marafiki. Wanataka kumaliza sehemu 50 katika wikiendi mbili. Inawezekana: sehemu moja ni kama dakika 24, kipindi kizima ni karibu saa 20. Lakini kipindi hiki kilitungwa kwa mtoto anayesubiri wiki nzima. Mwaka 1997 mfululizo ulihamia Jumapili asubuhi, na kuanzia Oktoba 2017 muda wake kule Japani ulikuwa saa tatu na nusu. Waandishi walijua kwamba kati ya sehemu na sehemu mtoto atacheza uwanjani, ataigombania rangi nyekundu na wenzake, atalibeba swali shuleni. Ule muda wa kungoja nao umo ndani ya kipindi. Ukiuondoa, unabaki na mazimwi 50 yaliyopangwa foleni.

Mbona basi nasema mbili, nisiseme moja? Kwa sababu ya jinsi zinavyopigwa. Kwa kawaida mwongozaji mmoja hukabidhiwa sehemu mbili kwa pamoja, anazipiga katika ratiba moja, kisha anampisha mwenzake. Ukitazama mbili mbili utaanza kuona mkono wa mtu. Jozi hii kamera iko chini, karibu na miguu. Jozi ile watu wanasimama mbalimbali na kuna upepo. Soma jina la mwongozaji linapopita mwanzoni, na kama huwezi kusoma Kijapani, chora umbo la herufi zake mbili za kwanza kwenye daftari. Baada ya mwezi utalitambua jina kabla hujaambiwa.

Kwa mwendo huo kipindi cha sehemu 49 kitakuchukua karibu miezi sita. Umeme ukikatika Jumapili, usilipe deni katikati ya wiki. Sogeza tu.

Hatua ya nne: tazama shingo

Mara ya kwanza macho yalikuwa kwenye roboti na milipuko. Safari hii yaweke kwenye shingo ya shujaa aliyevaa kofia.

Ndani ya suti kuna mtu mwingine, siye yule kijana mwenye sura nzuri unayemwona kwenye mandhari za kawaida. Ni mwigizaji wa suti, na kwa miaka mingi wengi wao wametoka katika chuo cha mapigano kilichoanzishwa na Shinichi Chiba mwaka 1970, Japan Action Club. Kofia haina macho yanayopepesa wala mdomo unaotabasamu. Hasira, aibu, mashaka, kila kitu lazima kipitie kwenye pembe ya kichwa, mabega, vidole. Kazuo Niibori alivaa suti nyekundu kipindi baada ya kipindi kuanzia enzi za Gorenger mpaka Fiveman ya mwaka 1990, na mashabiki wakamwita Mister Red. Ukiwa na vipindi vyake viwili vitatu, weka kimoja baada ya kingine uone anavyosimama: kifua mbele, kidevu kimeshuka kidogo, na kabla ya kupiga kuna kituo kifupi sana, kama pumzi ya mwimbaji.

Zoezi langu ni hili. Chagua pambano moja, zima sauti, litazame mara tatu. Mara ya kwanza fuata mwekundu peke yake. Ya pili fuata yule aliye nyuma kabisa ambaye kamera haimjali, uone kama naye anapigana kweli au anangoja zamu. Ya tatu fuata askari wa adui, wale wasio na majina wanaoanguka kumi kumi. Wanaanguka kwenye mawe. Machimbo yale yenye kuta za mwamba unayoyaona mara kwa mara, pale mlipuko unapopanda nyuma ya watu watano, mara nyingi ni Iwafune, mkoa wa Tochigi, mahali palipokuwa pakichongwa mawe. Ukishapatambua utapaona kila mahali, kama unavyoitambua fukwe ile ile kwenye video za bongo fleva.

Sauti ya shujaa akiwa ndani ya suti huingizwa baadaye na yule mwigizaji wa sura. Watu wawili kwa hiyo wanamjenga mtu mmoja, mmoja kwa mwili na mwingine kwa koo, na wanatakiwa wakubaliane anavyotembea. Tazama kijana anavyokaa kitini mwanzoni mwa kipindi, kisha tazama suti yake inavyokaa. Kufikia katikati ya mwaka mara nyingi wameshafanana. Mmoja amemuiga mwenzake, na kazi yako ni kubaini nani kamuiga nani.

Hatua ya tano: sikiliza majina na majigambo

Maandishi ya chini ya Kiingereza yanakula heshima. Mswahili anayejua tofauti ya "shikamoo", "mzee", "bwana mkubwa" na "we dogo" ana sikio lililokwisha kufunzwa, alitumie. Huhitaji kujua Kijapani. Andika tu nani anamwita nani kwa jina gani, na lini jina linabadilika. Katika Shinkenger, kipindi cha mashujaa wa kisamurai, Ryunosuke anamwita kiongozi wao, Takeru, "tono", bwana wangu, karibu kila anapofungua mdomo. Genta, muuza sushi aliyecheza naye utotoni, anamwita "Take-chan", kama mtu amwite rafiki wa mtaani kwa jina la kufupisha mbele ya watumishi wake. Mlezi wa nyumba, Hikoma, anaitwa "Jii", karibu na kusema babu. Tafsiri nyingi zinaweka jina moja tu, Takeru, na ngazi zote za ukaribu na umbali zinapotea.

Kisha kuna kule kujitaja kabla ya pambano. Wajapani wanakuita "nanori". Aliyesoma fasihi simulizi shuleni ataona mara moja kwamba ni majigambo: mtu anasimama wazi, anataja jina lake, anajisifu, anatupa changamoto, na mwili wote unashiriki. Asili yake imo katika jukwaa la kabuki. Kuna mchezo wa mwaka 1862 ambamo wezi watano wanajipanga kando ya mto na kujitambulisha mmoja baada ya mwingine, na ukiuona utadhani unatazama Gorenger bila kofia. Watu hupenda kusogeza video mbele majigambo yakifika, kwa kuwa yanajirudia. Katika kurudia, hayo ndiyo ya kusikiliza zaidi. Yanakuonyesha kundi lilivyo siku hiyo: nani amekosekana, nani ameanza kwa sauti ya chini, nani leo ametajwa wa pili.

Roboti na vifaa vipya sitavizungumzia sana. Ujue tu kwamba karibu kila silaha mpya ni mwanasesere aliyekuwa anauzwa dukani na Bandai wiki ile, na kwamba waandishi wazuri walilichukua sharti hilo wakalifanya sehemu ya kisa. Pale Takeru mdogo anapompa Genta mnyama wa karatasi mwenye umbo la ngisi ili amkumbuke, hiyo ni bidhaa, na pia ni urafiki.

Hatua ya sita: fuata uongo mmoja tangu mwanzo

Sasa nikuonyeshe kazi nzima kwa kipindi kimoja, Shinkenger, kilichoanza tarehe 15 Februari 2009 na kumalizika tarehe 7 Februari 2010. Mwandishi wake mkuu ni Yasuko Kobayashi. Sehemu zake haziitwi sehemu, zinaitwa "maku", yaani pazia au onyesho la jukwaani, nazo ni 49.

Kisa unakikumbuka. Ukoo wa Shiba umepigana na mazimwi ya Mto Sanzu kwa vizazi. Takeru, kiongozi wa 18, anaandika herufi ya moto hewani kwa brashi na kuwa Shinken Red, na watumishi wanne wa koo za kisamurai wanaitwa kumtumikia: Ryunosuke wa kabuki, Mako, Chiaki na Kotoha. Baadaye anaongezeka Genta. Halafu, karibu kabisa na mwisho, anaingia msichana aitwaye Kaoru, na tunaambiwa yeye ndiye kiongozi wa 18 wa kweli. Takeru ni kivuli, mtu aliyewekwa tangu utotoni ili maadui wamlenge yeye. Si wa ukoo ule hata kidogo.

Mara ya kwanza habari hiyo inakuangukia kama tofali. Mara ya pili unajua, na ndipo Kobayashi anapoanza kukuonyesha alichokifanya. Kata ukurasa wa daftari katikati kwa mstari. Kushoto andika "anasema", kulia andika "anajua". Anza.

Katika sehemu ya kwanza Hikoma anasisitiza wale wanne waitwe, Takeru anakataa. Tulimwona mara ya kwanza kama kijana mwenye kiburi anayetaka kupigana peke yake. Upande wa kulia wa ukurasa sasa unaandika: anajua watamfia mtu asiye bwana wao. Wanapofika, anawaambia waamue wenyewe kama wako tayari, wasije kwa sababu ya wajibu wa ukoo tu. Tulisikia ukali. Sasa tunasikia mtu anayewafungulia mlango watoke.

Kisha Kotoha. Anaeleza kwamba aliyepaswa kuwa Shinken Yellow ni dada yake, ila aliugua, naye akaja badala yake, na kwamba si hodari wa mambo mengine. Safari hii usimtazame Kotoha. Mtazame Takeru. Amesimama mbele ya mtu anayesema wazi, bila aibu, "mimi niko hapa kwa niaba ya mwingine". Tori Matsuzaka, aliyemwigiza Takeru akiwa bado kijana mwanzoni kabisa mwa kazi yake, anatulia tu. Lakini ukishajua siri, utulivu ule una uzito, na wema anaomwonyesha Kotoha katika sehemu zinazofuata unakuwa na maelezo yake.

Mfuate pia Juzo, mpiga upanga aliye nusu mtu nusu zimwi. Huyu hana haja na ukoo wala vita. Anataka tu pambano moja kamili, na anahisi kwamba ndani ya Takeru kuna kitu kisichokaa sawa. Adui ananusa kile ambacho watumishi wanaokula naye kila siku hawajakiona. Nilipoligundua hilo katika mzunguko wa pili nililazimika kuinuka, nikazunguka chumba.

Usiwasahau wale watu waliovaa nguo nyeusi uso mzima, wanaoleta chai, wanaotandika mapazia yenye nembo ya Shiba wakati wa majigambo. Ni kuroko, wasaidizi wa jukwaa la kabuki ambao mtazamaji wa kule amezoea kujifanya hawaoni. Nyumba nzima basi ni jukwaa, na bwana wa nyumba ni mwigizaji. Jibu lilikuwa linatembea mbele yetu na sinia mkononi tangu mwanzo.

Ukifika ambapo siri inavunjika, sikiliza tena majina. Ryunosuke, aliyesema "tono" mara mia, sasa ana bwana mpya kwa mujibu wa sheria za ukoo, na neno lile linamkwama. Genta hana shida hiyo: kwake alikuwa Take-chan na bado ni Take-chan. Halafu Kaoru, ambaye kwa umri ni mdogo kuliko Takeru, anamaliza kesi kwa namna ambayo wazee wa baraza lolote la ukoo wangeielewa. Anamchukua Takeru kuwa mwanawe wa kulea, na kwa hiyo Takeru anakuwa kiongozi wa 19. Mtoto mkubwa kuliko mama. Mara ya kwanza nilicheka kwa mshangao. Mara ya pili nilikuwa nimehesabu kwenye ukurasa wa kulia mambo 31 aliyoyajua peke yake kwa karibu mwaka mzima, na sikucheka.

Hatua ya saba: ukimaliza, rudia sehemu ya kwanza usiku ule ule

Hapa tu ndipo ninaporuhusu kuvunja kanuni ya mbili kwa wiki. Kama una mtoto nyumbani, mwite wakati huu. Hajui kitu, atauliza kwa nini yule mwekundu ana hasira, na wewe nyamaza. Mwache ajionee.

Ngojea majigambo. Mapazia meupe yanasimama, ngoma inalia, na Takeru anakuwa wa kwanza kujitaja: "Shinken Red, Shiba Takeru." Wa pili anasema "onajiku", vilevile, Blue, kisha jina lake, na wengine wanafuata kwa "onajiku" ile ile, kila mmoja akilining'iniza jina lake kwenye lile la kwanza. Wanne wanaojifungamanisha na jina lisilo la mwenye kulitamka, na yeye analitamka kwa sauti pana bila kutikisika, kama alivyofundishwa tangu akiwa mdogo. Itapita miezi sita ya Jumapili kabla jina hilo halijawa lake. Mtoto kando yako atakuwa ameshasimama juu ya kochi, mkono umeinuliwa, anauliza yeye awe rangi gani.